TUNDU LA NGOZI HALIZIBIKI
Mafunzo ya kwanza ya kutia vipete na kamba katika nguo za ngozi



Katika ziara zetu za matawi, tangu kwenye miwa ya Kakira na Lugazi hadi kwenye mashamba ya chai ya Fort Portal, wanachama wengi wametuuliza jambo moja mkutano unapokwisha. Wanataka kujua ni kazi gani ya mikono mtu anaweza kujifunza jioni, bila cherehani, bila umeme, na bila mtaji mkubwa. Zipo kazi kadhaa, na safari hii tumechagua moja ambayo vijana wengi wanaipenda: kupamba nguo za ngozi kwa vipete vya chuma na kamba za ngozi zinazopita ndani yake.

Tunaposema vipete tuna maana ya zile pete ndogo za shaba au za chuma cheupe zinazozunguka tundu la kamba ya kiatu. Katika jaketi la ngozi hupangwa safu mbili zinazotazamana, kamba ikapita huku na huku, au hupangwa safu moja kwenye ukosi, mfukoni au mkononi. Kila mtu ameyaona mapambo hayo kwa wanamuziki na kwa vijana wa boda boda.

Kazi hii ni nyepesi kwa mikono lakini haitaki haraka. Mshona nguo akikosea hufumua uzi, na tundu la sindano katika kitambaa hujifunika. Ngozi haina msamaha huo. Maji yakimwagika hayazoleki, na tundu la ngozi halizibiki. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kazi hii ni kupima. Na tutaonyesha mbele kwamba vitu vya kupimwa ni viwili: ngozi, na saa za kazi yako.

KWA NINI KAZI HII

Sababu ya kwanza ni kwamba nguo zenyewe zipo. Katika soko la Owino, Kampala, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, majaketi ya ngozi ya mitumba hupatikana miongoni mwa marundo ya nguo. Mengi ngozi yake bado ni nzima, ila mshono umepitwa na wakati, au jaketi linambana mtu mbavuni, au ukosi umechakaa. Jaketi linalobana likipasuliwa ubavuni kwenye mshono na kutiwa safu mbili za vipete na kamba, mtu hulilegeza au kulikaza apendavyo. Hapo pambo limekuwa pia dawa ya kasoro. Dereva wa boda boda anayetoka alfajiri kwenye baridi analihitaji jaketi hilo, na atalilipia.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Nchi yetu ina ng'ombe na ina ngozi. Jinja kuna viwanda vya kusindika ngozi. Lakini ngozi nyingi zinazouzwa nje huondoka zikiwa rangi ya buluu na zenye unyevu, maana yake zimetiwa dawa ya kromiamu zisioze, lakini hazijalainishwa, hazijapakwa rangi wala kushonwa. Kazi ya kumalizia hufanywa na mikono ya watu wengine, na malipo ya kazi hiyo hubaki huko huko. Hatudai kwamba vipete kumi na viwili vitabadilisha biashara ya ngozi. Tunasema kwamba mfanyakazi anayebeba ngozi kiwandani siku nzima ana haki ya kujua jinsi inavyokuwa nguo.

NGUO IPI ITIWE, IPI ISITIWE

Kabla ya kushika nyundo, tuelewane juu ya jambo la usalama, kwa sababu hapa pana uhai wa mtu.

Mapambo haya ni ya nguo ya kutembelea. Yasitiwe kamwe katika nguo ya kazini. Kamba inayoning'inia ni adui wa mtu anayefanya kazi karibu na mashine. Roli za kusaga majani ya chai, mikanda ya kusafirishia miwa, mapipa makubwa ya kuzungushia ngozi, mashine za mbao: zote hizo zina mhimili unaozunguka. Mhimili ukishika ncha ya kamba huivuta kwa mzunguko mmoja, na ngozi haikatiki upesi kama kitambaa. Kitambaa kikuukuu huenda kikachanika kikamwachilia mtu. Kamba ya ngozi haimwachilii.

Aproni ya ngozi ya mchomeleaji vyuma nayo isitobolewe hata tundu moja. Aproni hiyo imewekwa kuzuia cheche na vyuma vya moto, na kila tundu ni mlango wa cheche. Aproni ya mtu wa kiwanda cha ngozi huzuia maji yenye dawa, na tundu huyaingiza maji hayo mwilini. Fundi wa umeme asivae nguo yenye vipete kazini, kwa maana chuma hupitisha umeme. Tena vifaa hivyo vya kinga ni vya kazi, na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri avitoe. Ukivitoboa kwa pambo, siku ya ajali utakuwa umempa mwajiri neno la kusema dhidi yako.

Basi, vaa jaketi lako la kamba Jumapili, harusini na sokoni. Ukifika lango la kiwanda, livue.

VIFAA VYA KUANZIA

Mtu mmoja hana haja ya kununua kila kitu. Kundi la watu watano au sita linaweza kuchangia seti moja. Vinavyohitajika ni hivi:

1. Nyundo. Ya mbao au ya mpira ni bora, kwa sababu ya chuma huharibu kichwa cha panchi.

2. Panchi ya bomba, yaani kile chuma chenye mdomo wa mviringo mkali unaokata tundu safi na kutoa kipande. Msumari haufai. Msumari hausukumi kipande nje, bali huchana ngozi, na mchaniko huo huendelea siku kwa siku.

3. Vipete vya vipande viwili. Kipande cha kwanza kina uso na shingo, cha pili ni pete bapa kama washa ya bolti. Vipo vya kipande kimoja pia, lakini hivyo ni vya viatu na ngozi ngumu. Katika ngozi laini ya jaketi vya kipande kimoja huchomoka.

4. Kigongeo na kitako chake. Kitako kina kishimo cha kupokea uso wa kipete. Kigongeo kina ncha ya kukunja shingo. Viwe vya ukubwa ule ule wa vipete ulivyonunua. Vikihitilafiana, kipete kitapinda.

5. Rula, bikari, chaki, karatasi ngumu ya boksi, kisu chenye makali au wembe, gundi ya viatu, uzi wenye nta, na maharazi, ile sindano nene yenye mpini ya mshona viatu.

6. Ubao mgumu au kipande cha gogo cha kutobolea juu yake, ili mdomo wa panchi usigonge sakafu na kuvunjika.

Tazameni pia chuma cha vipete. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeupe kikipata jasho na mvua hushika kutu, na kutu huacha doa jeusi katika ngozi. Shaba nyeupe au shaba ya njano haishiki kutu kama hiyo, ijapokuwa huweza kutoa ukungu wa kijani ikikaa na unyevu, nao huondolewa kwa kufuta. Kwa nguo ya kuvaliwa kwenye mvua, lipeni zaidi kidogo mpate shaba.

Tahadhari mbili za nyumbani. Gundi ya viatu ina harufu kali inayolevya na inashika moto upesi; ifunguliwe nje, mbali na sigiri. Na vipande vinavyobaki visitiwe katika sigiri ya kupikia. Ngozi iliyosindikwa kwa kromiamu ikichomwa huweza kutoa sumu katika moshi na jivu lake. Vipande vitumieni kwa majaribio.

KUPIMA

Tuseme tunataka kutia safu mbili ubavuni mwa kizibao, kila safu ina urefu wa sentimeta 30.

Kwanza, ngozi ya nguo ni nyembamba, mara nyingi ipo karibu na milimeta moja. Ngozi hiyo peke yake haiwezi kushika kipete kinachovutwa na kamba kila siku. Kwa hiyo nyuma ya safu bandikeni ukanda wa ngozi ngumu kidogo au wa turubai, wenye upana wa sentimeta 3, kwa gundi, kisha mshone kingo zake. Ukanda huo hauonekani na mteja hatausifu, lakini ndio unaoshika kazi yote.

Pili, kama ni jaketi lenye bitana, fumueni bitana upande wa chini na kuisogeza. Tobooeni ngozi na ukanda wake tu, bila bitana. Mtu akitoboa vyote pamoja, bitana hukunjamana na kuvutwa na vipete, na jaketi halikai sawa mwilini. Angalieni pia kama hakuna mfuko kwa nyuma. Mfuko wenye matundu kumi na matatu haushiki hata sarafu.

Tatu, andaeni kipimo cha karatasi. Msipime moja kwa moja juu ya ngozi. Katika karatasi ya boksi pigeni mstari wa sentimeta 30. Nafasi baina ya tundu na tundu iwe sentimeta 2 na nusu. Hapo wengi hukosea hesabu: 30 ukigawanya kwa 2.5 unapata 12, wakatia matundu 12. Lakini 12 ni nafasi, na matundu ni moja zaidi, yaani 13. Ni kama nguzo za ua: nafasi kumi na mbili huhitaji nguzo kumi na tatu. Safu mbili zitataka vipete 26. Nunueni 30, vinne viwe vya majaribio na vya ajali.

Kama urefu haugawanyiki vizuri, hakuna haja ya hesabu ngumu. Wekeni alama ya juu na alama ya chini, kisha ya katikati, kisha katikati ya kila nusu, na kuendelea hivyo hivyo. Kamba itakaa sawa kwa macho.

Nne, kipimo kile kile cha karatasi kitumike kwa safu zote mbili. Safu zikipimwa kila moja kivyake, zitapishana milimeta mbili tatu, na kamba itaonekana imelala upande kama ua lililosukumwa na mbuzi.

Tano, umbali na ukingo. Kitovu cha tundu kisiwe chini ya sentimeta 1.2 kutoka ukingoni. Tundu likikaribia ukingo, kamba italikata ngozi hiyo kama mbuzi anavyokata kamba ya kigingi.

Sita, alama katika ngozi ziwekwe kwa kuchoma kidogo kwa ncha ya maharazi au kwa chaki. Msitumie kalamu ya wino. Wino ukiingia katika ngozi hautoki.

Kisha mvalisheni mwenye nguo kabla ya kutoboa, mwambieni ainame, ainue mikono, aketi kama aliye juu ya pikipiki. Safu iliyonyooka mezani huweza kupinda mwilini. Wakati huo bado chaki inafutika.

KUTOBOA NA KUGONGA

Chukueni kwanza kipande cha ngozi kisicho na kazi, bandikeni ukanda nyuma yake kama ule wa nguo, na mtie vipete vinne. Asiyejaribu katika kipande atajaribu katika jaketi la mteja.

Mdomo wa panchi uwe sawa na shingo ya kipete au mdogo kidogo sana, ili shingo iingie kwa kusukumwa. Tundu likiwa pana, kipete kitacheza na siku moja kitatoka chote. Simamisheni panchi wima kabisa juu ya alama, chini pawe na gogo. Gongeni pigo moja la uhakika, la pili likihitajika, bila kuisogeza panchi.

Sasa kipete. Uso wake uwe upande wa nje wa nguo, shingo ipite tundu itokee ndani. Shingo itokeze kiasi cha milimeta 2 hivi. Ikitokeza kidogo mno haitakuwa na cha kukunja. Ikitokeza sana itapasuka na kuwa na meno yanayochana shati la mvaaji. Wekeni uso katika kitako, vikeni pete bapa juu ya shingo, simamisheni kigongeo, kisha mgonge mapigo matatu manne ya wastani. Pigo moja la nguvu hupindisha. Mapigo ya wastani hukunja shingo pole pole pande zote.

Kipimo cha kipete kilichokaa ni kidole. Jaribuni kukizungusha. Kisipozunguka, kimeshika. Kikizunguka, kirudisheni kitakoni mgonge tena kidogo. Kikizidi kuzunguka, ngozi ni nyembamba kwa shingo hiyo, ongezeni kipande kingine cha ukanda nyuma. Mwisho pitisheni kidole upande wa ndani kutafuta meno makali.

Anzeni na vipete vya juu na vya chini, kisha cha katikati, ndipo mjaze vilivyobaki. Hivyo kosa dogo hujigawa katika safu nzima badala ya kurundikana mwishoni.

KAMBA

Kamba za dukani zipo, lakini kamba hutengenezeka kwa vipande vinavyotupwa na washona viatu. Watu wengi hudhani kamba ndefu inataka ngozi ndefu. Sivyo. Chukueni kipande cha mviringo chenye upana wa sentimeta 20, mkate kwa kuzunguka kutoka ukingoni kwenda ndani kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Kwa upana wa milimeta 4, kipande hicho kitatoa kamba ya zaidi ya meta 7. Pigilieni misumari miwili ubaoni, acheni baina yake nafasi ya milimeta 4, kisu kisimame hapo, na vuteni ngozi. Kamba itatoka na upana mmoja.

Kamba mpya ivutwe kwanza kwa nguvu kabla ya kupimwa, kwa sababu ngozi hunyooka. Kamba isiyovutwa itaonekana imekaza leo, na baada ya wiki mbili itaning'inia.

Urefu hupatikana kwa hesabu ndogo. Katika kizibao chetu chenye nafasi 12 na safu zilizoachana sentimeta 4, kila mpishano wa kamba una urefu wa karibu sentimeta 4.7. Mipishano ni 24, yaani 113. Ongezeni 4 za kuanzia chini, na 30 kila upande za kufunga fundo. Jumla ni karibu sentimeta 180. Kwa kuzungushia kamba ukingo, kama ukosi, kadirieni urefu wa ukingo mara tatu na nusu. Ukosi wa sentimeta 45 utataka karibu sentimeta 160. Mwenye shaka apitishe kwanza uzi wa katani, kisha aupime. Uzi ni rahisi kuliko ngozi.

Ncha ya kamba ichongwe kama kalamu, ipakwe gundi au nta, iachwe ikauke iwe ngumu. Hiyo ndiyo sindano yenu. Anzeni chini, ncha mbili ziwe sawa, mpande juu kwa kupishana. Upande wa rangi wa kamba utazame nje wakati wote. Kamba iliyojipinda sehemu moja huonekana na kila mtu isipokuwa aliyeipitisha. Kazeni kwa mkono mmoja kutoka chini hadi juu. Msikaze sana chini na kulegeza juu.

IKITOKEA HITILAFU

Tundu lililochanika haliwezi kurudishwa, lakini nguo inaweza kuokolewa. Bandikeni kiraka nyuma, mtoboe upya, mtie kipete chenye uso mpana zaidi kitakachofunika mchaniko. Ila hapo vipete vyote vya safu ile vitabadilishwa viwe sawa, na gharama ni ya fundi. Tundu lililotobolewa mahali pasipo pake huweza kufichwa kwa kutia la pili kama hilo upande wa pili, pambo likapanuka. Mwambieni mteja kabla ya kufanya hivyo. Nguo ni yake.

KIPIMO CHA PILI: SAA ZAKO

Sasa tunafika mahali ambapo mafundi wapya huumia kuliko penye nyundo.

Mfanyakazi anayejua kudai nyongeza kiwandani, akikaa nyumbani na jaketi la jirani, huona haya kutaja bei. Hutaja bei ya vipete na kamba, akaongeza kidogo "ya soda". Tufanye mfano. Tuseme vifaa vyote vimekula shilingi 15,000. Kazi imechukua saa 5: kufumua bitana, kubandika ukanda, kupima, kutoboa, kupitisha kamba, kushona tena. Ukidai shilingi 20,000, kilichobaki ni 5,000. Gawanya kwa saa 5, umejilipa shilingi 1,000 kwa saa. Panchi inayopoteza makali hujaihesabu, mafuta ya taa hujayahesabu, na safari ya kwenda Owino hujaihesabu. Ukivihesabu, huenda ulimpa jirani jioni yako bure, ukamwongezea na nauli.

Dawa yake ni daftari. Kila kazi andika mistari minne: vifaa, saa ulizoanza na kumaliza, bei uliyopata, na kilichobaki kwa saa moja. Kazi ya kwanza utatumia saa nyingi, kwa kuwa unajifunza; hizo za kujifunza usimtoze mteja zote. Lakini ikifika kazi ya tano ukaona bado unajilipa chini ya malipo ya kibarua wa shambani, pandisha bei au acha. Bandu bandu huisha gogo. Saa mbili leo na saa mbili kesho ndivyo maisha ya mtu yanavyokwisha bila malipo.

Na bei ipatanwe kabla ya tundu la kwanza. Ukishatoboa huna tena nguvu ya kupatana, kwa sababu mteja anajua huwezi kumrudishia jaketi lenye matundu matano. Wanachama waliokaa nasi katika meza ya majadiliano na waajiri wanalijua jambo hili: mambo hupangwa kabla ya sahihi.

Jihadharini vile vile na mtu wa kati anayeleta majaketi ishirini kwa pamoja na kusema, "Nitakulipa yakiuzwa." Huyo amekufanya kibarua asiye na mwajiri. Achukue kazi yake kwa makundi ya matano, alipe matano, ndipo alete mengine. Kundi likikataa kwa sauti moja, atakubali. Mmoja akikubali pembeni kwa bei ya chini, wote watashuka.

KAZI YA JIONI SI BADALA YA MSHAHARA

Lazima tuseme na hili, lisije likaeleweka vibaya. Wapo waajiri wanaosema kwamba wafanyakazi wana vishamba na vibiashara, kwa hiyo mshahara unawatosha. Kama tungefundisha ufundi ili mtu aweze kuvumilia mshahara mdogo, tungekuwa tunamfanyia kazi mwajiri.

Kima cha chini cha mshahara katika nchi yetu kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kila msomaji anajua shilingi 6,000 zinanunua nini leo. Kwa hiyo mtu anayegonga vipete usiku baada ya kukata miwa mchana hajazidiwa na utajiri. Anafanya kazi mbili kwa sababu moja haimlishi. Akiulizwa na mwajiri, ajibu hivyo hivyo: "Saa zangu nane nimekuuzia wewe, nilipe zote. Za jioni ni zangu."

Ufundi una faida nyingine ambayo haiandikwi katika daftari. Mtu anayejua kuhesabu saa zake mbele ya jaketi, huanza kuzihesabu na mbele ya msimamizi. Tumeona katika matawi kwamba wenye daftari la kazi za mikono ndio wanaokuwa wa kwanza kuuliza kwa nini saa za ziada hazikuandikwa.

LA KUFANYA

Tunayashauri matawi yanayopenda kuanza yafanye hivi. Watu watano au sita wachangie seti moja ya panchi, kigongeo na kitako, na mmoja achaguliwe kuitunza, naye aandike nani kaichukua na lini. Mshona viatu wa karibu aombwe awaonyeshe siku moja namna ya kushika panchi. Alipwe kwa siku hiyo, kwani naye ni mfanyakazi. Mwezi wa kwanza msishike nguo ya mtu. Tieni vipete katika mikanda, mifuko ya simu na vipande vilivyotupwa. Akina mama wasiachwe nje. Kazi hii haitaki misuli, inataka jicho na subira, na wachumaji wa chai wana vidole vyepesi kuliko wengi wetu.

Mwezi wa pili kila mmoja apambe nguo yake mwenyewe, aivae wiki mbili kwenye jua na mvua, aone kipete kipi kimelegea na kamba ipi imenyooka. Mwezi wa tatu ndipo mpokee ya mteja, bei ikiwa imepatanwa na kuandikwa.

Mkutano ujao wa tawi, mje na vipande vyenu vya majaribio pamoja na madaftari. Tutavizungusha vipete kwa kidole, na hesabu tutazisoma kwa sauti.

Umoja ni nguvu.